Kuotesha maua ya asili kwa mbegu Dodoma: mwongozo wa bustani ya kwanza

Kila ikikaribia Septemba maswali ni yaleyale. Nimesia mbegu, hazijaota. Zimeota, lakini zimelala chini zote usiku mmoja. Nilinunua maua yaliyokwisha chanua, kufika mwezi wa nane yamekauka yote na bili ya maji imepanda. Mwongozo huu ni wako wewe uliyejenga Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa au Nala, una uwanja mtupu wa udongo mwekundu, na hujawahi kuotesha ua lolote kwa mbegu.

Kabla ya yote, iweke sawa kalenda. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 550 hadi 600. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Wengi wanaoanza husubiri mvua inyeshe ndipo wasie. Hapo wameshachelewa: mbegu iliyosiwa mwishoni mwa Januari inaikuta Mei ikiwa bado mche mdogo, mizizi iko juujuu, na kiangazi kinaumaliza. Sia Septemba na Oktoba kwa maji ya ndoo, ili mvua ikianza uwe na miche mkononi.

Maua manne ya kuanzia

Haya yote ni ya asili ya Afrika Mashariki na ni ya kudumu: ukishayapata, yanakaa miaka.

Waridi la jangwani (Adenium obesum) ndilo la kwanza kwa mtu wa Dodoma. Shina lake nene linahifadhi maji, linavumilia kiangazi, na maua yake ya waridi na nyekundu hutokea hata mti ukiwa hauna jani. Kwa mbegu, maua ya kwanza yanakuja baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inalihusu hili, kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi na ndilo linalooza zaidi mikononi mwa watu.

Mshubiri mwitu (Aloe secundiflora) ni ule wa porini wenye maua mekundu, unaoonekana kando ya barabara sehemu nyingi za kanda ya kati na kaskazini. Huu unataka subira: miaka mitatu au minne ndipo utoe ua. Ukishatoa, ndege wa chozi hawaondoki.

Pentasi (Pentas lanceolata) ndiyo ya haraka kuliko yote, miezi mitatu au minne unaona maua, na vipepeo wanaifuata. Lakini ndiyo yenye kiu. Ipande karibu na bomba au pale maji ya kuogea yanapomwagwa (yasiwe na dawa ya kufulia), na usipande zaidi ya unavyoweza kumwagilia Septemba.

Gloriosa (Gloriosa superba) hutambaa kwenye uzio kwa ncha za majani yake, hutoa maua mekundu yenye kingo za njano, kisha hufa yote juu ya ardhi kiangazi kikiingia na kubaki kiazi chini. Kwa Dodoma tabia hiyo ni faida tupu: miezi ya ukavu haikudai hata kikombe cha maji.

Tahadhari moja nzito. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi hutengenezea sumu ya mishale kwa utomvu huo. Kiazi cha gloriosa nacho kinaua mtu, na ukikichimba kinafanana na kiazi cha kuliwa. Usipande gloriosa karibu na shamba la viazi wala mahali watoto wanapochimbachimba. Vaa glovu unaposhika miche iliyokatika, nawa kwa sabuni, na usifute macho kwa mkono wenye utomvu.

Unachohitaji

- Mbegu: 20 za waridi la jangwani, 20 za mshubiri, kijiko cha chai kisichojaa cha pentasi, 10 za gloriosa. Hizo zinatosha bustani ya kwanza na ziada ya kugawia majirani.
- Dumu la plastiki la mafuta ya kula la lita 5, lililokatwa ubavu ili liwe trei. Moja kwa kila aina.
- Viriba (mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche) vya inchi 4 kwa 6, kama 50.
- Mchanga wa korongo, ndoo mbili za lita 20. Wenye chembe nene ndio unaofaa. Ule laini unaopigia lipu hauvuji maji.
- Samadi ya mbuzi iliyooza, ndoo moja. Iliyooza haina harufu kali na haipati joto ukiirundika.
- Vumbi la mkaa au pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, nusu ndoo.
- Chekecheke, msumari, chupa ya maji ya lita 1.5 iliyotobolewa kifuniko kwa matundu madogo, na neti ya kivuli au gunia jepesi.

Mbegu zenyewe utazipata wapi? Omba kwa mwenye mti. Maganda ya waridi la jangwani hukaa mawilimawili kama pembe za mbuzi. Yakianza kugeuka rangi kutoka kijani kwenda kahawia, yafunge kwa uzi mahali pawili au patatu, maana yakipasuka upepo wa hapa hausubiri: kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na inaruka. Maganda ya mbegu ya mshubiri yachume yakishakauka na kuanza kupasuka kwenye ncha. Usichimbe mti porini na usichume chochote ndani ya hifadhi. Ukiung'oa mti mkubwa, umewanyima mbegu wote wanaokuja nyuma yako.

Mbegu za waridi la jangwani zikikaa muda mrefu hupoteza nguvu. Ukiuziwa za pakiti, zipime kwanza: chukua 10, zifunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa nailoni, weka mahali penye joto. Baada ya siku 7 hesabu. Zikiota 7 au zaidi, ni nzuri. Zikiota chini ya 4, sia mara mbili ya ulizotaka au mrudishie muuzaji.

Hatua

1. Osha mchanga (wiki ya mwisho ya Agosti). Jaza ndoo theluthi moja, mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga maji ya juu. Rudia mpaka maji yatoke meupe, mara nne au tano. Watu huiruka hatua hii kwa sababu inachosha. Ule udongo laini unaotoka ndio unaoziba trei na kuozesha miche.

2. Changanya. Kwa waridi la jangwani na mshubiri: mchanga sado 3, samadi iliyochekechwa sado 1, mkaa sado 1. Kwa pentasi na gloriosa: udongo mwekundu wa uwanjani sado 2, mchanga 1, samadi 1. Kamata konzi moja ya mchanganyiko wenye unyevu na uuminye. Wa waridi la jangwani ufumuke mara ukifungua kiganja. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

3. Ua vimelea kwa maji yanayochemka. Tia mchanganyiko kwenye ndoo, mimina kama lita 5 za maji yanayochemka kwa kila ndoo ya lita 10, funika, uache upoe hadi kesho yake, kisha uanike mpaka ubaki na unyevu tu. Hapa ndipo unapoipunguza kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga mpaka ulale, kabla haijaanza.

4. Toboa trei. Pasha msumari moto, toboa matundu 12 chini ya kila dumu. Sita hayatoshi. Jaza mchanganyiko hadi sentimita 7 na uupapase usawazike bila kuukandamiza.

5. Loweka mbegu. Waridi la jangwani: maji ya vuguvugu, kwa muda wa saa nne hadi sita, basi. Gloriosa: usiku mmoja au miwili, ukibadilisha maji. Mshubiri na pentasi hazilowekwi.

6. Sia. Waridi la jangwani lisiwe kabla ya katikati ya Septemba, maana usiku wa Agosti bado una baridi. Laza kila mbegu, usiisimamishe. Acha sentimita 3 kati yake na nyingine. Nyunyizia mchanga unene wa milimita 4 hivi juu yake. Mshubiri ni vilevile, ila mchanga uwe mwembamba zaidi. Gloriosa, kina cha sentimita 1, na isiwe kabla ya Novemba.

Pentasi ni habari nyingine. Mbegu zake ni kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote. Changanya na kijiko cha mchanga mkavu, tawanya juu, gandamiza kidogo kwa kiganja, na usifukie. Ukizifukia hata kwa tabaka jembamba utakaa mwezi mzima ukimwagilia trei tupu. Zisie wiki ya kwanza ya Septemba, maana zinaanza polepole.

7. Weka mahali sahihi. Trei ikae juu ya tofali mbili, si chini, ili kuku na mchwa wapate kazi kidogo na maji yatoke. Jua la asubuhi ni zuri. Jua la saa sita hadi saa kumi liwe chini ya neti. Upepo wa kiangazi wa Dodoma unatokea mashariki na unakausha uso wa trei kwa saa mbili tu, kwa hiyo simamisha gunia au kipande cha mkeka upande huo, juu kidogo ya trei.

8. Mwagilia kwa chupa, si kwa jagi. Asubuhi, kila siku, mpaka zichomoze. Waridi la jangwani huchomoza kati ya siku 3 na 10, pentasi wiki mbili hadi tatu, mshubiri wiki moja hadi nne. Gloriosa inaweza kukaa wiki tatu au miezi mitatu. Isahau, ila usiiache ikauke.

Mara miche ya waridi la jangwani ikionyesha majani mawili, badilisha mtindo. Ingiza kidole hadi pingili ya kwanza. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukihisi pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uache tena. Hapa ndipo wengi wanapoiua kwa huruma: wanaona mche mdogo na jua kali, wanaunywesha asubuhi na jioni, na shina linageuka uji.

9. Hamishia kwenye viriba. Waridi la jangwani likiwa na majani 4 hadi 6, wiki ya nne au ya tano. Pentasi ikiwa na majani manne halisi. Mwagilia trei saa moja kabla, chokonoa kwa kijiko, shika mche kwa jani. Ukishika shina ukalibonyeza, mche umekwisha hata kama leo unaonekana mzima. Kwa waridi la jangwani, tumia mchanganyiko wa kiriba ulio mkavu kidogo na usimwagilie siku mbili, ili mizizi iliyokatika ikauke kidonda. Pentasi imwagilie palepale. Mshubiri uache kwenye trei hadi majani yafike sentimita 4, hata ikiwa Februari. Gloriosa usiisumbue kabisa mwaka wa kwanza. Kiazi chake kinavunjika kwa kuguswa tu.

Pentasi ikifika sentimita 10 kata ncha kwa kucha. Itatoa matawi badala ya kurefuka kama fimbo.

10. Zoesha jua. Wiki mbili kabla ya kupanda, anza kwa saa mbili za jua la asubuhi, ongeza saa moja kila siku. Mche uliotoka chini ya neti ukipelekwa moja kwa moja kwenye jua la Desemba hubabuka majani kwa siku moja.

11. Pima shimo kabla ya kupanda. Maeneo mengi ya Dodoma yana tabaka gumu chini ya udongo mwekundu. Chimba sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Baada ya muda wa saa nne maji bado yapo? Basi vunja tabaka hilo kwa sururu na upande juu ya tuta. Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, waridi la jangwani na mshubiri panda juu ya tuta tu, bila hata kupima.

12. Panda baada ya mvua mbili au tatu za kueleweka, Desemba mwishoni au Januari. Shimo liwe sentimita 40 kila upande. Waridi la jangwani: rudisha udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga, inua tuta la sentimita 15 hadi 20, panda juu yake, mita moja hadi moja na nusu kati ya mti na mti. Kiriba kichane kwa wembe na ukitoe chote; kukiacha na kutoboa matundu tu ni kuifunga mizizi. Pentasi: sentimita 40 hadi 50, samadi konzi mbili kila shimo. Mshubiri na gloriosa vibaki kwenye viriba na trei hadi mvua za mwaka unaofuata. Ndiyo, mwaka mzima. Ukipanda mshubiri wa miezi minne uwanjani, kuku mmoja anaumaliza kwa kuparua.

13. Matandazo. Pentasi pekee ndiyo yenye haja ya nyasi kavu, na hata hizo ziache sentimita 10 kutoka kwenye shina, uzigeuze kila wiki, maana nyasi kavu zilizolala Dodoma ni kuwakaribisha mchwa. Kwa waridi la jangwani na mshubiri tandaza kokoto.

Kiangazi cha kwanza

Mei hadi Novemba, waridi la jangwani lililo ardhini linataka lita 3 hivi kila wiki mbili. Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi, linaweza kupukutisha majani yote. Halijafa. Punguza maji yawe mara moja kwa wiki tatu na usubiri. Pentasi lita 2 kila siku ya pili au ya tatu, asubuhi. Gloriosa ikinyauka Mei, kata mabua, hamisha trei kivulini isipoingia mvua wala ndoo ya mtu, na usimwagilie hadi Novemba. Kila mwaka kuna anayetupa trei hiyo akidhani ni udongo mtupu, wakati viazi vidogo viko ndani vikiwa hai.

Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, utaona utando mweupe kwenye ukingo wa kiriba. Mara moja kwa mwezi mwagilia kwa wingi hadi maji yatiririke chini kwa muda, yaondoke na chumvi. Mvua zikija, kinga maji ya bati kwa ajili ya trei.

Ikienda vibaya

Hakuna kilichoota. Fukua mbegu moja. Ikiwa ngumu na safi, joto halitoshi au imezikwa sana: sogeza trei kwenye ukuta unaopata jua na usubiri wiki moja. Ikiwa laini na inanuka, umeilowesha mno au mbegu ni za zamani. Anza upya kwa mchanganyiko mpya.

Miche inalala, shina limesinyaa usawa wa udongo. Hiyo ni kinyausi. Iliyolala haiponi. Ing'oe pamoja na udongo unaoizunguka, acha kumwagilia siku mbili au tatu, inua neti hewa ipite, nyunyizia mchanga mkavu uliooshwa juu ya trei.

Shina la waridi la jangwani limekuwa laini. Ng'oa leo hii, usingoje kesho. Osha, kata kwa kisu kilichopitishwa motoni hadi ukutane na nyama nyeupe iliyo ngumu, paka vumbi la mkaa, weka kivulini pakavu wiki moja hadi mbili, kisha panda kwenye mchanga mkavu na usimwagilie kwa wiki nzima. Rangi ya kahawia ikiwa imefika juu hadi kwenye matawi, tupa. Likiwa limelegea lakini kavu, na udongo umekauka hadi chini, tatizo ni kiu tu. Litajaa tena baada ya maji mara mbili.

Majani yana vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba chini yake. Utitiri, na anapenda Septemba na Oktoba. Rusha maji chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo. Wakibaki, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyizia jioni, suuza asubuhi.

Kitu kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani. Ni wadudu waitwao vidung'ata. Chovya pamba kwenye spiriti uwafute mmoja mmoja, na fukuza sisimizi wanaowabeba.

Majani ya waridi la jangwani yameliwa yote usiku mmoja. Tafuta kiwavi mkubwa wa kijani mwenye doa la jicho upande wa kichwa. Sumu ya mti haimdhuru. Mwokote kwa mkono jioni kwa tochi. Kwa kawaida ni mmoja au wawili tu, na majani yanarudi.

Waridi limefikisha miaka mitatu, lina majani mengi na halitoi ua. Angalia jua kwanza: chini ya saa sita kwa siku halichanui. Kama jua lipo, ulizidisha samadi au uliweka urea. Acha mbolea zote, na Julai, likiwa limelala, punguza kila tawi kwa theluthi moja kwa kisu kikali. Maua hutokea kwenye ncha za matawi mapya.